Upindo

Afisa alianza na pazia.
Si mahari, si tarehe, si majina ya mashahidi;
hayo yalikuwa kwenye faili, yameshagongwa mihuri.
"Pazia la chumba chenu cha kulala,
rangi gani?"

Nikasema: rangi ya maziwa.

Akageuza karatasi.
Kule Unguja, Shaame keshaulizwa hilohilo
akajibu: njano.
Njano ya kiini cha yai, alisema,
kwa kuwa Shaame haachi neno likaenda peke yake.

Kalamu ikachora duara.
Sikuwahi kuiona ndoa yangu
ikitiwa ndani ya duara.

Na nilikuwa nimebeba kila kitu.
Picha za harusi, nne tu,
maana shangazi alikuwa hajatimiza arubaini kaburini,
na katika moja Shaame amefumba macho
("Huyu amelala?" akauliza afisa).
Risiti za kutuma pesa, Ruwi, kila mwisho wa mwezi:
riali ishirini, riali kumi na tano,
Ramadhani riali arubaini.
Kurasa mia na sita za simu zetu,
saa, dakika, sekunde,
bila hata neno moja tulilosema.
Tarehe tisa, dakika arubaini na moja:
usiku ule hatukusema kitu.
Aliiweka simu dirishani
nisikilize mvua inavyopiga mabati,
mimi niliyekaa miezi kumi bila tone.
Mvua nayo nikaigongeshe muhuri wapi?

Mke wa karatasi hukariri anachopenda mume.
Mimi najua anachochukia:
bamia, kuitwa mara mbili,
kuagwa mlangoni.
Ndiyo maana pale uwanja wa ndege hakugeuka.
Namjua alivyokuwa akiamka usiku kupunguza kiyoyozi,
nami naamka kukiongeza,
hatusemeshani,
asubuhi kila mmoja anamlaumu fundi.
Fundi mwenyewe ni yeye.

Nilirudi Mabela kwa teksi,
nikafungua chumba bila kuvua abaya,
nikalisimamia pazia kama ninayelidai.
Rangi ya maziwa. Sikusema uongo.
Miaka mitatu jua la hapa limelilamba,
kiangazi kwa kiangazi,
nami nalala humo, naamka humo,
sikuona lilipoanza kupauka.

Kisha mkono ukaenda kwenye upindo,
chini kule, vidole vinne,
alikopinda Shaame mwenyewe kwa kuwa nililinunua refu,
kwa uzi mweusi kwa kuwa mweupe ulikwisha,
mishono mikubwa ya mtu aliyezoea nyaya.
Nikafumua.

Ndani, njano.
Njano ya kiini cha yai.

Sikulia hapo. Nililia usiku,
kwa ajili ya sufuria iliyoungua.

Yeye alilitaja pazia aliloliacha,
mimi nikalitaja nililobaki nalo.

Asubuhi nikakata kipande, urefu wa kiganja,
upande maziwa, upande njano,
uzi mweusi unaning'inia,
nikakibana kwa pini nyuma ya cheti cha ndoa.
Kijana wa kaunta akasema
fomu haina nafasi ya kitambaa.
Nikamwambia: si kuna "Mengineyo"?
Andika hapo.

Akaandika. Akakigeuza kitambaa,
akakigeuza tena,
akakipitishia kidole gumba kwenye mshono
kama mtu anayesoma.
Halafu akauliza, si kwa sauti ya ofisini:
"Na dirisha sasa?"

Dirisha lina pengo chini.
Kuanzia saa moja jua linaingia,
linatambaa sakafuni, linapanda godoro,
linakaa upande wake.